Shangazi, nataka injini ya Caldina kwenye Starlet yangu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 29, naishi Tegeta, Dar es Salaam, kazi yangu ni ufundi wa viyoyozi. Nina mke na mtoto mmoja. Gari yetu ni Toyota Starlet EP91 ya mwaka 1998, automatiki, injini ni 4E-FE ya kawaida, cc 1331. Nilipewa na mjomba wangu alipostaafu. Haijawahi kunilaza njiani, lakini sasa imechoka. Asubuhi nikiiwasha inatoa moshi wa bluu, oili inapungua, na tukienda kwetu Mafinga kula sikukuu, mlima Kitonga naupanda nimekanyaga mafuta mpaka mwisho na bado malori yananipigia honi nyuma.

Fundi wangu wa siku zote alisema injini ifunguliwe, iwekwe ringi na sili mpya. Mke wangu akakubali tutoe pesa kwenye akiba yetu, ambayo ni milioni saba. Sehemu ya hiyo akiba ni kodi ya fremu anayotaka kufungua, auze vitenge.

Sasa Shangazi, nimepata injini. Kuna jamaa Ilala anauza 3S-GTE iliyotolewa kwenye Caldina GT-T iliyogongwa nyuma. Turbo, lita mbili, nguvu za farasi 260! Anataka milioni nne na nusu pamoja na giaboksi, waya na kontrol boksi yake, yaani kompyuta ya injini. Kuna fundi mwingine, kijana mwenzangu, amesema itaingia tu: atakata kidogo, atachomelea maunti za kushikilia injini, wiki mbili gari inatembea. Anasema tuweke na gia za klachi kabisa, eti turbo na automatiki haviendani.

Mke sijamwambia bado. Anajua injini inatengenezwa, basi. Yeye hutumia gari siku tatu kwa wiki kwenda Kariakoo kuchukua mzigo. Gari ya klachi hajawahi kuendesha, ila nadhani atajifunza.

Maswali yangu ni haya. Itaingia kweli? Breki nilizonazo zitatosha nikiweka pedi mpya? Kadi ya gari nifanyeje? Na kama unaona hiyo haifai, ipi inafaa? Naomba unijibu mapema, muuzaji anataka advansi ya laki tano kabla ya Jumamosi.

Kijana wa Tegeta

*

Marahaba mwanangu.

Itaingia. Nakujibu hilo kwanza ili usije ukadhani nabishana na fundi wako. Watu wamekwisha kuingiza injini kubwa kuliko hiyo kwenye gari dogo kuliko hilo. Mwenye grainda, mashine ya kuchomelea na muda wa kutosha ataingiza karibu chochote. Ila huyo kijana amekujibu swali jepesi kuliko yote, na mengine amekuachia mwenyewe.

Tuanze na hiyo giaboksi unayouziwa kama nyongeza. Caldina GT-T huendeshwa na tairi zote nne. Giaboksi yake imetengenezwa kupeleka nguvu mbele na nyuma pia, kwa shafti inayopita chini ya gari. Starlet lako huvutwa na tairi za mbele tu, na huko nyuma hakuna difu ya kupokea chochote. Kwa hiyo hicho chuma utakibeba kutoka Ilala mpaka gereji, kisha utaambiwa utafute giaboksi nyingine ya mbele inayokubaliana na 3S. Zipo, lakini hazipatikani kila duka, na wanaozijua huziuza kwa bei ya wanaozitafuta. Ukishaipata, shafti za Caldina hazitakuwa na urefu wa kulifaa Starlet, na za Starlet hazitaingia kwenye giaboksi hiyo wala kuuhimili msukumo wa lita mbili zenye turbo. Itabidi za kuchongesha. Bado hujagusa rejeta, bomba la ekzosi, pampu ya mafuta, wala fundi umeme atakayekaa na huo mkungu wa waya akitafuta upi unaenda kwenye dashibodi yako. Milioni mbili na nusu zitakazobaki zitaisha kabla gari halijashuka kwenye stendi, na wiki mbili za fundi wako zitakuwa miezi. Nimeona Starlet ngapi zimekaa juu ya matofali nyuma ya gereji, boneti wazi, kuku wametaga ndani!

Jambo lingine ni uzito, na hapa naomba unisikilize vizuri. Caldina hilo lina karibu tani moja na nusu. Starlet lako lina karibu kilo 900. Toyota walipotaka kutumia farasi 260 waliwagawa kwenye tairi nne, tena pana, chini ya gari zito. Wewe unataka uwapitishe wote kwenye tairi mbili za mbele, zenye rimu za inchi 13. Ukikanyaga ukiwa gia ya pili zitazunguka mahali pamoja, na usukani utakunyang'anya mikono, leo kushoto, kesho kulia. Na kwa kuwa injini hiyo ni chuma kizito na yote inakaa mbele ya miguu yako, pua ya gari itakuwa nzito. Utakata kona, usukani utageuka, gari litaendelea kwenda mbele.

Unadhani natia chumvi? Renault walipotaka kuweka injini ya V6 ya lita tatu kwenye gari lao dogo, Clio, hawakuiweka mbele. Gari hilo lilianza kuuzwa mwaka 2001, likiwa na nguvu ya farasi 230. Injini waliipeleka nyuma ya viti vya mbele. Viti vya abiria wa nyuma viliondoka, tairi za nyuma zikawa ndizo zinazosukuma, mwili wa gari ukapanuliwa, na uzito ukapita kilo 1,300. Hata baada ya kazi yote hiyo lilijulikana kwa ukali wake kwenye kona, mpaka Renault wenyewe wakalirekebisha tena. Hao ni watu wenye kiwanda, wahandisi na uwanja wa kujaribia. Fundi wako ana grainda.

Sasa breki. Umeuliza kama pedi mpya zitatosha. Hazitatosha, na hili ndilo swali lako bora kuliko yote. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo halipandi sambamba na spidi. Gari likitoka kilomita 60 kwa saa likafika 120, spidi imekuwa mara mbili, lakini joto la kulisimamisha limekuwa mara nne. Starlet lako lina diski nyembamba mbele na drami nyuma, zilizopimwa kwa injini ya farasi 85. Pedi mpya kwenye diski ileile hazibadilishi uwezo wa hiyo diski kubeba joto. Kitonga umeniambia habari ya kupanda tu. Mimi nawaza kushuka, siku mnarudi Dar, mtoto amelala kiti cha nyuma, lori mbele yako na wewe umetoka kwenye tambarare ya Iringa ukijisikia mwanamume. Mafuta ya breki nayo, ambayo hapa kwetu watu hawabadilishi mpaka mfumo uvuje, hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yakishakuwa na maji huchemka mapema, mapovu yanaingia kwenye mabomba, pedali inazama mpaka sakafuni na gari haliitiki. Hata usipobadilisha injini, hayo mafuta yabadilishe mwezi huu.

Kadi ya gari ina namba ya injini na ukubwa wake kwa cc. Ukiondoa injini ya 1331 ukaweka ya 1998, karatasi na chuma vimeachana. Mabadiliko ya injini hupelekwa TRA, mamlaka ya mapato, gari likaguliwe na polisi wa usalama barabarani, kadi irekebishwe. Ili ufike hapo salama, muuzaji akupe risiti yenye namba ya injini pamoja na nakala ya karatasi zinazoonyesha injini au gari hilo liliingiaje nchini. Akianza kuzungukazunguka, ondoka. Injini ya gari la wizi haina alama usoni, ila namba yake ina historia. Kampuni ya bima nayo uiambie. Bima husimama juu ya yale uliyoyaeleza ulipokata, na ukiwa umewaeleza gari la farasi 85 halafu likaua mtu likiwa na 260, usishangae wakigoma kulipa. Hapo utabaki wewe, familia ya marehemu na mahakama.

Umeuliza kama si hiyo, ipi. Kijana wangu, jibu lilikuwa kwenye gari lako tangu mwanzo. Toyota wenyewe walitengeneza Starlet lenye turbo. EP82, Starlet lililotangulia lako, ya miaka ya mwanzo ya 90 ilikuwa na GT Turbo, na EP91 kama lako ilikuwa na Glanza V, iliyotoka kuanzia 1996 mpaka Starlet lilipokoma mwaka 1999 na kupisha Vitz. Injini yake ni 4E-FTE. Ni cc zilezile 1331, lakini pistoni zake zimetengenezwa kwa mgandamizo mdogo ili zihimili turbo, na inatoa farasi 135. Ukisikia 135 baada ya kuota 260 utaona ndogo. Fanya hesabu: ni nyongeza ya farasi 50 juu ya 85 ulizonazo, kwenye gari la kilo 900 na kidogo. Aliyewahi kupanda Glanza zima hatakuuliza ziko wapi nyingine.

Uzuri wake ni kwamba inakaa mahali palepale pa injini yako bila kukata chuma. Maunti, shafti, rejeta, vyote vipo vya gari hilohilo. Hata kadi haitakupa shida kubwa, kwa sababu cc hazibadiliki. Kinachobadilika ni namba ya injini. Na ukinunua, usinunue injini peke yake. Nunua injini, giaboksi yake, waya, kontrol boksi, shafti, na breki za mbele za Glanza zenye diski nene za kupitisha hewa katikati, kutoka gari moja. Giaboksi ya Starlet la kawaida ni laini. Ya turbo hujulikana kwa jina C52 kwenye EP82 na C56 kwenye Glanza, na ndiyo unayoitaka. Kuna wajanja wanachukua 4E-FE kama yako, wanaibandika turbo, wanakuuzia kwa bei ya FTE. Mgandamizo wa FE ni mkubwa mno kwa turbo. Itaenda kwa kishindo kwa muda, halafu pistoni zitapasuka.

Ukiipata, acha presha ya turbo kama kiwanda kilivyoiweka. Wajapani waliitengeneza hiyo injini kwa petroli yao ya premium, ambayo oktani yake, yaani uwezo wa petroli kutolipuka kabla ya wakati, hukaribia 100. Ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Petroli ya oktani ndogo ikisukumwa kwa presha kubwa hulipuka ndani ya silinda kabla ya wakati wake, na ule mlio wa kugongagonga unaousikia ukikanyaga ndio sauti ya pesa zako. Pia ile interkula ya Glanza, inayopoza hewa ya turbo, imekaa juu ya injini, inapata hewa kwenye tundu la boneti. Barabarani inapoa vizuri. Kwenye foleni ya Mwenge saa tisa mchana inapikwa na injini yenyewe, na gari litakuwa zito mpaka litoke kwenye foleni. Si ugonjwa, usikimbilie kufungua vitu.

Halafu kuna suala la klachi. Wewe umeliandika kwa mstari mmoja na kulipita, mimi nimelisoma mara mbili. Mke wako hutumia hilo gari siku tatu kwa wiki kwa biashara, na hajawahi kuendesha gari la klachi. Ulichopanga, kwa maneno mengine, ni kuchukua pesa ya fremu yake, uinunulie injini, kisha umtoe kwenye usukani. Na yeye anajua tu kwamba injini inatengenezwa. Sijui wewe unakiita nini, lakini akija kwangu na barua yake, najua nitamjibu nini. Kwamba turbo na automatiki haviendani si kweli. Caldina nyingi za GT-T zilitoka automatiki, na hata Glanza zilikuwepo za automatiki. Ni vijana wa mbio tu wasiozitaka.

Mwambie leo. Usianze na injini, anza na pesa, kwa sababu yeye alikubali matengenezo na matengenezo ni bei nyingine. Kama unaota Glanza, mweleze ndoto yako kama anavyokueleza yake ya vitenge. Wanawake hatuchukii magari yenye mbio, mwanangu. Mimi mwenyewe nikilisikia Glanza likipita kwa ile sauti ya turbo hugeuka kulitazama, na umri huu.

Nimeliacha mpaka mwisho jambo ambalo huenda likakupunguzia gharama yote hii. Umesema moshi wa bluu hutoka asubuhi ukiwasha. Hukusema unatoka barabarani. Tofauti hiyo ni kubwa. Oili inayopita kwenye sili za valvu hudondoka usiku, hukusanyika juu ya silinda, ukiwasha inaungua kwa mkupuo mmoja, halafu moshi unakata. Ringi zikiisha, moshi hutoka unapokanyaga, mchana kutwa, na aliye nyuma yako anafunga vioo. Kama wako ni wa asubuhi tu, kuna uwezekano mkubwa kwamba unahitaji sili za valvu, na hizo fundi anayejua kazi huzibadilisha bila kuitoa injini kwenye gari. Pesa yake haikaribii hata ile advansi ya Jumamosi.

Na kukosa nguvu mlimani si lazima iwe ni uzee wa ringi. Chujio la hewa lililoziba, plagi zilizochoka, oili ya giaboksi ya automatiki ambayo haijabadilishwa tangu enzi za mjomba wako, waya wa mafuta usiofungua koo mpaka mwisho: vyote hivyo vinaweza kuifanya farasi 85 iwe 60. Lakini pia ujue kwamba gari la cc 1331 lenye automatiki, watu watatu na gunia la mchele, Kitonga litaupanda polepole hata likiwa jipya. Wala hakuna ubaya.

Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Advansi nisingetoa, anayekuharakisha kutoa laki tano bila kukuonyesha karatasi ana sababu zake. Ningemwambia yule fundi wa kwanza, ambaye naona ana akili kuliko yule wa pili, apime kompresheni, yaani mgandamizo, ya silinda zote nne, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa. Silinda itakayosoma chini aitilie kijiko cha oili apime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, atazame valvu na gasketi ya silinda hedi. Sili, mafuta ya breki na oili ya giaboksi ningezifanya mwezi huu, mke afungue fremu, na kuhusu Glanza mtaongea wawili biashara ikishasimama. Hata hapo, ningenunua breki kwanza, niziweke kwenye gari likiwa bado na injini ya zamani, kisha ndiyo nitafute FTE.

Kipimo chenyewe hakifiki hata saa mbili. Kikishafanyika niandikie namba zote nne, kabla na baada ya oili, uniambie na moshi unatoka saa ngapi, nikuambie la kufanya.